Choo cha Ploti Hakina Hatia Hiyo

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto wawili, mpangaji Dandora, na choo chetu tunakitumia nyumba tisa. Tangu mwaka uanze nimeshikwa na UTI mara tatu: mkojo unachoma, haja inanijia kila mara, na nikienda yanatoka matone tu. Jirani aliniambia ni joto la choo linalopanda, akanifundisha kujiosha ndani kwa maji moto, chumvi na Dettol kidogo. Mara zote nimenunua tembe dukani nikapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Sasa mgongo unaniuma na naogopa figo zimeharibika. Mume wangu naye ameanza kunitazama vibaya. Nifanye nini? — Mama wa Dandora

JIBU: Mama, maswali yako nitayajibu yote, lakini kabla sijafika kwenye mgongo na figo, sharti kwanza nikitetee choo chenu, kwa sababu dhana hii ya kwamba mkojo unaochoma huletwa na choo cha kuchangia nimeisikia kwa wanawake wa Kayole, wa Huruma, wa Kariobangi na wa Majengo, ikisemwa kwa yakini isiyohitaji ushahidi, na kila niisikiapo najua ya kuwa nyuma yake iko chupa ya Dettol, au bilauri ya maji ambayo haikunywewa, au mgonjwa aliyekuja wiki mbili baada ya siku aliyopaswa kuja.

Itazame mitaa yenyewe. Dandora yenu ilizaliwa katika mradi ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambamo mwenye kiwanja alikabidhiwa choo na bafu, kisha akaachiwa ajenge vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Naye, kama binadamu yeyote atafutaye kodi, akajenga vyumba vingi kuliko choo kimoja kinavyoweza kuhimili. Buruburu, iliyojengwa miaka hiyo hiyo ya 1970 kwa watu wa kipato cha wastani, ilipewa nyumba zenye vyoo vyao ndani. Lau maradhi haya yangekuwa ya vyoo vya kuchangia, tungetaraji tuyakute Dandora na tusiyakute Buruburu; walakini wanawake wa Buruburu huugua, wa Karen huugua, na wa London wenye vyoo viwili katika nyumba moja huugua vile vile, kwani hukisiwa kwamba yapata nusu ya wanawake wote duniani hupatwa na maradhi haya angalau mara moja maishani mwao.

Mkosaji aghalabu ni kijidudu kiitwacho Escherichia koli, ambacho tabibu wa Kijerumani Theodor Escherich alikieleza mwaka 1885 alipokuwa akichunguza vinyesi vya watoto wachanga, na ambacho hukaa katika utumbo wa kila mtu, tajiri kwa maskini, bila kumdhuru. Madhara huanza kinapotoka nyuma na kuufikia mlango wa mkojo, ama kwa kujipangusa kutoka nyuma kwenda mbele, ama kwa msuguano wa tendo la ndoa, ambalo ndilo sababu kubwa kwa wanawake wa umri wako. Na kwa kuwa mfereji wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, ilhali wa mwanamume hukaribia 20, safari ya kwenda kibofuni ni fupi. Kwa habari za maumbile hayo yanatosha, maana mengine hayatakufaa kitu.

Ama hilo joto lisemwalo kwamba hupanda kutoka shimoni, ni mvuke na harufu, na karaha yake siikatai. Lakini halibebi vijidudu likavipandisha mpaka kibofuni. Na choo cha ploti mara nyingi ni cha kuchutama, ambacho mtu hakigusi kwa kiungo chochote isipokuwa nyayo za viatu vyake. Hata pale penye kiti, kinachogusa kiti ni mapaja na makalio, wala si mlango wa mkojo. Sisemi kwamba choo kichafu ni kitu chema: kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hupitia humo, kwa mikono, kwa nzi na kwa maji, na mwenye ploti anayekusanya kodi ya nyumba tisa akaacha choo bila maji anastahili kushtakiwa kwa afisa wa afya wa kaunti. Hayo ni mashtaka mengine, na ninyi wapangaji mnayo haki ya kuyapeleka.

Dhana hii ingekuwa ya kuchekesha tu lau isingezaa madhara matatu, na la kwanza ni kujizuia. Mwanamke auzaye mitumba Gikomba au mboga Muthurwa, ambaye choo cha kulipia ki mbali na kibanda chake hakina wa kukilinda, hujibana tangu alfajiri hadi jua kutua, na ili aweze kujibana hanywi maji. Kisha afikapo nyumbani, kwa kuliogopa hilo joto, huchutama nusunusu na kuinuka kabla mkojo haujaisha. Mkojo uliokaa huwapa vijidudu wasaa wa kuzaana, na mkojo utokao mara kwa mara huvisukuma nje kabla havijashika. Jaribio lililofanywa Bulgaria kwa wanawake 140 waliokuwa wakiugua mara kwa mara na kunywa maji kidogo, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018, lilionyesha kwamba walioongeza lita moja na nusu za maji kwa siku waliugua karibu nusu tu ya mara walizougua wenzao. Najua kwamba Eastlands maji huja kwa zamu na mtungi hununuliwa kwa pesa. Hata hivyo, lita moja na nusu ni sehemu ndogo sana ya mtungi wa lita 20, na hakuna dawa dukani iliyo rahisi kuliko hiyo.

La pili, ambalo hunikasirisha kuliko yote, ni huko kujiosha ndani. Fahamu kwanza, mama, kwamba maji hayo ya chumvi na Dettol hayafiki kibofuni hata tone moja, kwa sababu njia ya uzazi ni nyingine na njia ya mkojo ni nyingine. Kwa hiyo unaosha mahali pasipokuwa na ugonjwa. Pili, ukeni mwa mwanamke mwenye siha njema huishi vijidudu vya heri, vitengenezavyo asidi hafifu iwazuiayo wale wa utumbo wasifanye maskani hapo, nawe ukivifukuza kwa Dettol umewafungulia mlango wale wale uliokusudia kuwafukuza. Tatu, ngozi ile laini ikishababuka, mkojo ukiipitia utachoma tu, hata pasiwe na kijidudu kimoja. Mgonjwa naye hudhani maradhi yamezidi, akaongeza kifuniko cha pili cha Dettol, na kesho yake cha tatu. Wako waliokuja kwangu baada ya wiki kadhaa za mzunguko huo, ambao tiba yao ilikuwa ni kuacha kujiosha, basi.

Wala madhara hayaishii hapo. Mjini Mombasa wanawake waliokuwa katika biashara ya ngono walifuatwa na watafiti kwa muda wa miaka 10, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: waliokuwa wakijiosha ndani kwa maji matupu waliambukizwa virusi vya Ukimwi zaidi ya wasiojiosha, na waliotumia sabuni au vitu vingine walizidi hata hao. Hata ukiniambia kwamba kuandamana kwa mambo mawili si ithibati ya kuwa moja limelizaa jingine, mimi nisingeingiza Dettol mwilini mwa mtu yeyote nikisubiri ithibati zaidi. Kitunguu saumu, magadi, ndimu na majani ya mwarobaini yaliyochemshwa hukumu yao ni hiyo hiyo. Nje, maji safi yanatosha, kutoka mbele kwenda nyuma. Ndani hujisafisha kwenyewe. Dada zetu wa Majengo waliowahi kuniuliza juu ya istinja, yaani kutawadha kwa maji baada ya haja, hilo ndilo jibu lao pia, na hawana haja ya kuongeza kitu ndani ya kopo.

La tatu ni tembe za dukani. Mtu akishaamini kwamba choo ndicho kilichomwambukiza, na kwamba kila mwenye choo kile anaugua ugonjwa ule ule, haoni sababu ya kupimwa. Huenda dukani akataja jina la tembe alizopewa jirani, akanunua za pesa alizo nazo, akazimeza siku mbili na kuacha apatapo nafuu. Antibiotiki kwa sheria ya Kenya zahitaji cheti cha daktari, na kila mtu ajua jinsi sheria hiyo inavyoheshimiwa. Utafiti uitwao HATUA, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ulipima mikojo ya watu zaidi ya 7,500 waliokuwa na dalili kama zako, na ni kiasi cha theluthi moja tu waliothibitika kuwa na maambukizo ya njia ya mkojo. Na katika vijidudu vya E. koli vilivyopatikana, yapata nusu vilikuwa sugu kwa dawa za aina kadhaa. Maana yake ni kwamba mtu amezaye tembe bila kupimwa aweza kuwa anatibu kisonono, trikomona, ukungu wa ukeni, kichocho alichokitoa Pwani, au ule mbabuko wa Dettol, kwa dawa isiyo yake. Na kama kweli ni E. koli, aweza kuwa anatumia dawa ambayo kijidudu kimekwisha kuizoea. Hiyo nafuu yako ya siku mbili nayo haithibitishi kitu, maana kibofu mara nyingine hupoa chenyewe kwa maji na mapumziko.

Sasa mgongo. Maumivu mengi ya mgongo ninayoonyeshwa ni ya misuli, kwa mitungi ya maji na nguo za kufua, nayo huzidi mtu ainamapo au abadilishapo mkao. Figo zikiingiwa na maambukizo maumivu hukaa ubavuni, chini ya mbavu za mwisho, aghalabu upande mmoja, yakifuatana na homa, baridi ya kutetemesha, kichefuchefu na kutapika; na hapo ndipo nisemapo kwa ukali, kwa sababu mtu wa Nairobi akitetemeka hudhani ni malaria, akameza dawa ya malaria bila kipimo, katika mji ambao kwa baridi na mwinuko wake malaria ni nadra kwa asiyesafiri, huku vijidudu vikitoka figoni na kuingia katika damu. Mwenye dalili hizo hangoji kesho, hangoji mshahara, wala hangoji mume arudi kutoka safari: aende usiku huo huo Mama Lucy Kibaki au hospitali yoyote iliyo karibu, kwani siku mbili za ajizi ndizo zitenganishazo mtu anayerudi nyumbani na dawa na mtu anayelazwa akipumua kwa shida. Na asizimeze diklofenaki ovyo ili avumilie, maana dawa hizo zenyewe huzidhuru figo, hasa za mtu aliyeishiwa maji.

Maradhi ya kibofu yatibiwayo kwa wakati ni nadra kuziharibu figo moja kwa moja. Walio kitandani wakisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, wengi wao walifikishwa huko na shinikizo la damu na kisukari ambavyo havikupimwa kwa miaka, navyo havichomi mkojo wala haviumizi mgongo. Kwa hiyo utakapokwenda kupima mkojo, pima na shinikizo.

Wako watu ambao sitaki wajaribu lolote nyumbani. Mjamzito mwenye vijidudu katika mkojo, hata asipoumwa, yu hatarini kupata maambukizo ya figo na kujifungua kabla ya wakati, na ndiyo sababu mkojo hupimwa kliniki. Mtoto mdogo mwenye homa isiyo na sababu ya wazi apimwe mkojo pia. Mwanamume achomwaye na mkojo, akiwa kijana mara nyingi ni kisonono au maradhi mengine ya zinaa, akiwa mzee huenda ni tezi dume, na wote wawili wahitaji kipimo.

Wewe basi, mama, ikiwa huna homa wala kutapika, nenda kesho asubuhi kituo cha afya cha hapo Dandora kabla hujameza tembe yoyote. Jipanguse nje kwa maji, uache mkojo wa mwanzo upite, ukinge wa katikati katika chupa safi uliyopewa, na ufike maabara ndani ya saa mbili. Kwa kuwa ugonjwa umerudi mara tatu, sema wazi kwamba unataka vijidudu vya mkojo wako vioteshwe maabara, na ikiwa pale haiwezekani uombe barua ya kupelekwa mbele. Sema pia kama siku zako za hedhi zimechelewa. Dawa utakayoandikiwa, ya kibofu aghalabu huwa ya siku chache, tano mathalani, ya figo huwa ndefu kuliko hiyo, imalize hata ukipona siku ya pili. Baada ya tendo la ndoa nenda haja ndogo, na usiku usijizuie kwa kuogopa choo.

Mumeo mpe gazeti hili alisome. Maambukizo ya kibofu si ushahidi wa uzinzi, wake wala wako; wanawali huyapata, na wajane wa miaka sabini huyapata. Ila kipimo kikionyesha maradhi ya zinaa, mtatibiwa wote wawili kwa siku moja, na asikatae kuja. Na majibu yakitoka safi ilhali ungali unachomwa, usirudi dukani, rudi kituoni, umwambie mhudumu ni kitu gani umekuwa ukijioshea na kwa muda gani, maana hilo maabara haitaliona ndani ya chupa ya mkojo.