Kuhama Nyumba kwa Ajili ya Shule: Umri wa Mtoto Una Uzito Gani?

Familia ya Mbagala, wilayani Temeke, huweza kupanga nyumba Mbezi Beach, wilayani Kinondoni, ili kijana aliyepata shule huko asivuke jiji zima kila alfajiri kwa daladala. (Tunasema Mbezi ya pwani, kando ya barabara ya Bagamoyo, si ile ya barabara ya Morogoro.) Faida ya kwanza ni usingizi: kijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji saa 8 hadi 10 kila usiku, na aamkaye saa kumi alfajiri ni shida kuzipata. Je, kuhama kwenyewe hakuna hasara?

Swali hili ni gumu kulipima. Wanaohama hutofautiana na wasiohama tangu awali, kwa kipato na kwa mengineyo. Mtoto akifaulu, tutajuaje kama sababu ni shule au ni mzazi? Dawa yake ni kura. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilianza jaribio katika miji mitano, Chicago na Boston ikiwamo, kwa familia zipatazo 4,600 za mitaa maskini. Kura iliamua nani apewe msaada wa kodi ili ahamie mtaa wenye hali bora. Waliokosa wakawa kundi la kulinganishia.

Mwanzoni watafiti walivunjika moyo, kwani alama za watoto hazikupanda. Lakini mwaka 2015 Raj Chetty na wenzake walionyesha kwamba watoto waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuja kupata kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 31. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakufaidika, pengine walipoteza kidogo. Maelezo yao ni haya: faida hujengeka mwaka hata mwaka, bali msukosuko wa kung'olewa hulipwa mara moja.

Jaribio hilo lilihusu mitaa kuliko shule, wala Chicago si Kinondoni. Hata hivyo hesabu ya faida na msukosuko yatufaa. Katika kidato cha kwanza karibu wote ni wageni, na wengi wanaanza kufundishwa kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza, mgeni hajitengi. Ahamiaye kidato cha tatu hukuta urafiki umekwisha fungamana na mtihani wa taifa u karibu. Kwa maoni yetu, mwenye hiari ahame kabla ya Januari ya kidato cha kwanza.

Mwalimu apokeaye mgeni asidanganywe na muhtasari kuwa mmoja nchini kote. Kasi hutofautiana: mwanafunzi aweza kuwa amesoma mwendo mara mbili na umeme hata kidogo. Zoezi fupi lisilo na alama, katika wiki ya kwanza, litafichua pengo hilo. Ampe pia mwenzi wa dawati, kwani Mbezi Beach nyumba nyingi zimezungukwa na kuta na mageti, na mtoto hapati marafiki barabarani kama alivyozoea Mbagala.

Zoezi la darasa: kwa wiki mbili, kila mwanafunzi aandike saa ya kulala, ya kuamka, ya kutoka nyumbani na ya kufika shuleni. Tafuteni wastani, kisha chora grafu ya muda wa safari dhidi ya saa za usingizi.