Uma wa Majani Uliopinda

Ninyi mnaotunza ng'ombe, uma wa majani au wa samadi ukipinda jino, msilinyoshe baridi, huweza kuvunjika. Upelekeni kwa mfua chuma. Achome jino kwa makaa ya miti, si kwa makaa ya mawe kama yale yaliyochimbwa Lukuga: kiberiti kilichomo huingia katika chuma cha moto, nacho hupasuka kikipigwa. Likiwa jekundu, aligonge polepole. Asilitupe majini, litakuwa gumu, lakini litavunjika kama chungu. Alipoze katika majivu. Labda litapinda tena kwa mzigo mzito, lakini lililopinda hunyoshwa, lililovunjika limekwisha. Na shingo ya mpini mvisheni pete ya chuma ingali moto: ikipoa, hubana.