SOMO: PUA YA ELEKTRONIKI NA PUA YA MFANYAKAZI



Katika somo hili tunajifunza juu ya mashine iitwayo pua ya elektroniki. Hutumika kupima harufu ya vitu kama plastiki, ngozi na vifungashio vya chakula. Tuijue mapema, ili siku ikiletwa kiwandani tusiishangae tu, bali tuulize maswali ya maana.

Inafanyaje kazi?

Ndani yake mna vihisi kadhaa, yaani vipande vidogo vinavyobadilika vikiguswa na mvuke. Vingi vimetengenezwa kwa oksidi ya bati, hupashwa moto na kupitishiwa umeme. Mvuke ukivigusa, umeme hupita kwa wepesi au kwa shida, na kila kihisi hujibu kwa namna yake. Kompyuta hukusanya majibu hayo na kuyalinganisha na yale iliyofundishwa. Mwaka 1982 Krishna Persaud na George Dodd, wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walieleza mashine ya namna hii.

Tushike neno "iliyofundishwa". Mashine yenyewe haijui harufu nzuri wala mbaya. Kwanza watu hunusa vipande na kusema hiki kinafaa, hiki hakifai. Ndipo mashine hufundishwa kufuata hukumu yao. Ikikutana na kitu kigeni inaweza kukosea. Unyevu na joto huivuruga, na vihisi huchakaa. Lazima isahihishwe mara kwa mara.

Faida na hatari yake

Faida ipo. Pua zetu huchoka. Aliyeshinda kwenye gundi tangu asubuhi hasikii tena harufu yake. Mwenzetu akisema, "Mimi nimeshaizoea," tusifurahi. Iliyozoea ni pua; mapafu na ini havizoei sumu.

Lakini harufu ni jambo moja na sumu ni jambo jingine. Gesi ya kaboni monoksidi, itokayo kwenye injini na majiko ya makaa, haina harufu, nayo huua. Haidrojeni salfaidi, ya mashimo ya maji machafu na viwanda vya ngozi, hunuka kama yai viza ikiwa kidogo. Ikifika kama sehemu 100 katika milioni moja za hewa, huifisha pua kwa dakika chache, na mtu hudhani imekwisha.

Kwa hiyo mashine ikisema harufu ya bidhaa ni sawa, haijasema kwamba hewa ya mfanyakazi ni salama. Usalama hupimwa kwa chombo cha gesi inayohusika, kisha kiasi chake hulinganishwa na kile kinachoruhusiwa na sheria. Tusikubali jibu la kwanza litumike mahali pa la pili.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Kazini kwetu kuna mivuke gani, na majina yake ni yapi?
2. Nani hupima hewa, kwa chombo gani, na kilisahihishwa lini?
3. Je, matokeo yanaonyeshwa kwa kamati ya wafanyakazi?