Safari Fupi na Watoto Wachanga: Mzigo Hupimwa kwa Kuchelewa

Wahenga walinena, "Msafiri maskini ajapokuwa sultani." Mtu akitoka kwake ameliacha jiko lake, mtungi wake na jirani yake; alicho nacho ni kile tu alichokichukua. Ikiwa neno hili ni kweli kwa mtu mzima, ni kweli zaidi kwa mtoto mchanga, asiyeweza hata kusema kwamba ana kiu.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa kilomita 120 hivi. Watu wengi huiita safari fupi, na kwa sababu hiyo hufunga mzigo mdogo: nguo mbili na chupa moja ya maji, basi. Hapo ndipo kosa linapoanza. Nchi ya Turkana ni kavu, na mjini Lodwar joto la mchana hufika mara nyingi nyuzi 35 za Selsiasi au kupita. Tena kuna laga, yaani mito ya mchanga isiyokuwa na maji siku nyingi za mwaka, kama ule wa Tarach upitao Kakuma. Mvua ikinyesha katika milima ya mbali, laga huweza kujaa ghafula hata kama juu ya abiria hakuna wingu, na gari likalazimika kungoja. Kuna pia gurudumu kupasuka na injini kuchemka.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mzigo wa mtoto usipimwe kwa urefu wa njia, bali kwa urefu wa kuchelewa. Anayetazamia kusafiri saa chache na afunge mzigo wa mchana kutwa na usiku mmoja.

Kanuni hii si ngeni kwa Waturukana. Tangu zamani wanawake wao, wahamapo na mifugo, huwapakia punda vikapu, na watoto wadogo wakaketishwa ndani yake. Maziwa yakiwa mengi huyaanika juani mpaka yawe unga, ili pawe na chakula kisichooza upesi. Anayesafiri kwa gari ana haja ya busara ile ile.

Mfano ni huu. Mama wa Lodwar ana mtoto wa miezi 4 na mwingine wa miaka 2, naye aenda Kakuma kumtazama dada yake aliyejifungua. Yafaa afunge mifuko miwili. Mkubwa, wenye nguo za kukaa huko, utafungwa nyuma ya gari. Mdogo, wenye vitu vya njiani, usiondoke miguuni pake. Kwa maana dawa iliyo chini ya magunia ya watu wengine ni sawa na dawa iliyosahauliwa nyumbani.

MAJI. Mtoto wa miezi 4 hapewi maji, hata wakati wa joto kali. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba maziwa ya mama peke yake yatosha mpaka mtoto atimize miezi 6, kwani sehemu kubwa ya maziwa hayo ni maji, nayo ni safi. Hapana shaka kwamba garini atapatikana mtu mzima mwenye huruma atakayesema, "Mpe maji kidogo, anaungua." Mama na amjibu kwa upole, kisha amnyonyeshe mtoto mara nyingi kuliko siku zote. Maji ya mtoto huyo hunywewa na mama yake. Basi achukue lita 5 za maji yaliyochemshwa, kwa ajili yake na yule wa miaka 2, katika vyombo viwili, ili kimoja kikivuja kingine kibaki.

CHAKULA. Uji uliopikwa alfajiri ukakaa katika joto huharibika kabla ya adhuhuri. Ni heri kuchukua unga mkavu wa uji na sufuria ndogo, pamoja na ndizi na chapati. Njugu asipewe mtoto mdogo, maana huweza kumpalia, hasa gari likirukaruka.

NGUO. Nguo nyepesi za pamba zafaa mchana. Sweta moja kwa kila mtoto yafaa usiku. Achukue nepi mara mbili ya hesabu ya siku ya kawaida, sabuni, mfuko wa kutilia zilizochafuka, chandarua, na kanga mbili. Kanga yaweza kuwa kivuli, kitanda au mbeleko. Lakini isifunikwe usoni pa mtoto, kwani hewa ya moto hukusanyika ndani yake. Tena mtoto asiachwe kamwe katika gari lililofungwa, hata kwa muda wa kununua soda.

DAWA. Achukue kijitabu cha kliniki cha kila mtoto na pakiti chache za chumvichumvi ya kuharisha. Dawa hiyo huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, na iliyobaki baada ya saa 24 humwagwa. Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya.

Mwisho, mama na azijue dalili za mtoto kuishiwa na maji mwilini: nepi kukaa kavu saa nyingi, kulia bila machozi, macho na utosi kubonyea, na kulegea. Mtoto aliyelegea asiyeweza kunyonya apelekwe katika zahanati au hospitali iliyo karibu mara moja, iwe ni mbele au ni nyuma. Ziara yaweza kungoja.

Huenda gari likafika Kakuma kabla ya jua kuwa kali, na nusu ya mzigo ikarudi Lodwar haikuguswa. Asiwepo wa kumcheka mama huyo. Mzigo uliorudi nao ulifanya kazi yake.

MASWALI
1. Kwa nini mtoto wa miezi 4 hapewi maji safarini?
2. Ni vitu gani viwekwe katika mfuko mdogo, na kwa sababu gani?
3. Taja dalili tatu za mtoto kuishiwa na maji mwilini.