Somo kwa watoto: blanketi haitoi joto, inalinda joto



Huku kwetu Kivu, makala yanakula pesa za nyumba, na mengi yanatoka porini, hata ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mtoto anayetumwa kutafuta kuni asubuhi anachelewa masomo. Somo la leo ni la watoto, lakini faida yake itaingia jikoni.

Jaribio

Tafuteni vikombe vitatu vya chuma vinavyofanana, pamoja na vifuniko. Mtu mkubwa ndiye anamwaga maji ya moto, si mtoto.

1. Kikombe cha kwanza: maji ya moto, kiache wazi mezani bila kukifunga nguo.
2. Cha pili: maji ya moto, kifunge vizuri ndani ya blanketi.
3. Cha tatu: maji ya baridi, nacho kifunge ndani ya blanketi.

Vyote vitatu vifunikwe. Kisha ulizeni watoto: «Kisha saa moja, maji ya kikombe cha tatu itakuwa namna gani?» Wengi watajibu: «Itapata moto, juu blanketi iko na joto.» Msiwasahihishe. Waache wangoje, waguse wenyewe.

Watakuta cha kwanza kimepoa, cha pili kingali na joto, na cha tatu kimebaki baridi. Basi blanketi haina moto wake. Usiku, joto ni la mwili wetu; blanketi inalizuia tu lisitoroke.

Maelezo

Joto linatoka kwenye kitu cha moto na kuenda kwenye kitu cha baridi. Linapita haraka ndani ya chuma: ndiyo sababu kijiko kilichobaki ndani ya sufuria kinaunguza mkono. Hewa iliyotulia inalipitisha polepole. Blanketi, manyoya ya kuku na majani makavu ya migomba yote yanashika hewa namna hiyo.

Kutoka darasani mpaka jikoni

Chukueni kikapu kikubwa. Jazeni majani makavu ya migomba chini na pembeni, unene wa kiganja, na mshone mto wa kufunika juu. Lowesheni maharagi usiku mzima, mmwage yale maji. Chemsheni kwa maji mapya, kwa moto mkali, dakika 30, sufuria ikiwa karibu kujaa. Iingizeni kikapuni haraka na kifuniko chake, na msifungue kwa saa tatu ao nne. Mbabula inazimwa, maharagi yanaendelea kuiva.

Angalisho

Sisi wenyewe tulikosea mara ya kwanza: tulichemsha kidogo tu, tukafunika. Jioni maharagi yalikuwa magumu na vuguvugu, ikabidi tuyamwage. Maharagi ambayo hayakuchemka vizuri yako na sumu inayoleta kutapika na kuharisha. Tena Goma na Bukavu ziko juu, karibu metre 1 500. Maji yanachemka kwenye degre 95 hivi, si 100. Kwa hiyo msipunguze zile dakika 30. Mkitoa sufuria, chemsheni tena kabla ya kula. Ikiwa imekwisha kuwa vuguvugu, msile.

Kazi ya nyumbani

Kila mtoto ahesabu makopo ya makala ya juma moja bila kikapu, na ya juma moja na kikapu. Aandike ndani ya kaye. Kwenye mkutano ujao wa koperative, watoto ndio watatusomea hesabu.