Mavazi: Lipi ni la Dini na Lipi ni la Ada

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika darsa zetu za baada ya Isha tumeletewa masuala mengi juu ya mavazi, na baadhi yake yalikuwa yamekwisha geuka ugomvi kabla hayajatufikia. Mmoja auliza kama yasihi sala nyuma ya imamu aliyevaa jinzi na fulana. Wa pili atueleza kuwa mwanawe wa miaka 17 aliondolewa katika safu ya mbele na mzee mmoja kwa kuwa hakuwa na kanzu wala kofia, na tangu siku ile kijana haonekani msikitini. Mama mmoja naye ataka kujua kama apata dhambi kwa kukataa kununua sare ya harusi ya jamaa yake, na hali hana fedha isipokuwa za kukopa. Masuala haya matatu tumeyaona yana asili moja, nayo ni kuwa watu hawakupambanua baina ya vazi lililoamriwa na dini na vazi walilolizoea. Basi tumeona bora tuyajibu kwa pamoja.

Kwanza ifahamike kuwa uzuri wa nguo si dhambi. Katika Sura al-A'raf, aya ya 26, Mwenyezi Mungu awakumbusha wanaadamu kuwa amewateremshia nguo za kusitiri tupu zao na nguo za pambo, kisha alitaja vazi la ucha-Mungu kuwa ndilo bora. Na katika aya ya 31 na ya 32 aliamrisha watu wajipambe waendapo kusali, akamkemea mwenye kuliharamisha pambo ambalo Yeye mwenyewe amewatolea waja wake. Na katika hadithi aliyoipokea Muslim, sahaba mmoja alimuuliza Mtume s.a.w. juu ya mtu apendaye nguo yake na kiatu chake viwe vizuri, akichelea kuwa hicho ndicho kiburi kimzuiacho mtu Pepo. Akajibiwa kuwa uzuri ni jambo alipendalo Mwenyezi Mungu, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Tena alikuja mtu kwa Mtume s.a.w. amevaa nguo duni, na alipoulizwa kuhusu mali yake ikadhihirika kuwa ana ngamia na kondoo na farasi. Akaamrishwa aionyeshe neema ya Mola wake katika mwili wake.

Kwa hivyo yule adhaniye kuwa kanzu iliyofubaa na kola yenye uchafu ni alama ya uchaji, hana dalili. Abu Daud na Ibn Majah wamepokea makamio makali kwa mtu avaaye nguo ya kutaka kujulikana, na wanazuoni walipoieleza hadithi hiyo walisema kuwa yawakusanya wawili: yeye avaaye nguo ya ghali ili watu wageuze shingo, na yeye avaaye matambara ili aambiwe ni walii. Huyu wa pili tumezoea kumbusu mkono.

Ama Mtume s.a.w. alivaa nini? Alivaa izari na rida kama Waarabu wa zama zake. Ummu Salama r.a. amepokea kuwa alipenda kanzu, na Anas r.a. amepokea kuwa alipenda shuka yenye mistari itokayo Yemen. Na katika safari ya Tabuk, kama alivyosimulia Mughira bin Shu'ba r.a., alikuwa amevaa juba la Sham, na katika riwaya nyingine ni juba la Kirumi, lenye mikono myembamba kiasi cha kuwa alipotaka kutawadha haikupanda juu, ikambidi aitoe mikono yake kwa chini. Na Sham wakati huo ilikuwa chini ya Warumi, nao ni Wakristo. Lau kuwa kila nguo iliyobuniwa na wasiokuwa Waislamu ni haramu, asingelivaa juba lile. Dini haikumpa Mwislamu mshono mmoja, bali imempa mipaka: asitiri tupu yake, mwanamume asivae hariri wala dhahabu, asijifananishe na wanawake wala mwanamke na wanaume, asivae alama za ibada za dini nyingine, asifanye israfu, wala asijivune. Ndani ya mipaka hii watu wameachiwa ada zao.

Sasa na turudi kwa kijana wetu na jinzi yake, tuitie katika mizani ya madhehebu yetu ya Imam Shafi. Tupu ya mwanamume katika sala ni baina ya kitovu na magoti, na sharti isitiriwe kwa nguo isiyoonyesha rangi ya ngozi. Jinzi nzito yaonyesha nini? Haionyeshi kitu. Lakini mtindo wa mitaani wa kuishusha suruali mpaka chini ya kiuno, na juu yake fulana fupi, huo ndio wenye balaa. Asujuduo fulana hupanda, mgongo ukawa wazi chini ya mkabala wa kitovu, na akiacha hivyo bila ya kujifunika papo hapo, sala yake imebatilika. Hapa ndipo pa kumfundisha kijana, kwa upole na kwa faragha, avute suruali yake au avae fulana ndefu. Na mzee naye atazame kanzu yake. Wangapi kati yetu huvaa kanzu nyepesi ya melimeli bila ya kikoi wala suruali ndefu ndani yake, na wasimamapo mbele ya taa rangi ya mapaja yaonekana? Huenda basi sala ya mwenye jinzi ikasihi, na ya mwenye kanzu aliyemfukuza isisihi. Na kuhusu suruali kupita vifundo vya miguu, Imam Nawawi amepambanua baina ya afanyaye kwa kiburi, na hilo ni haramu, na asiyekuwa na kiburi, na hilo ni makuruhu.

Hatudharau kanzu na kofia, nazo ni vazi letu na ni pambo la Ijumaa. Lakini yafaa tukumbuke historia yake hapa pwani. Katika karne ya 19 kanzu, kofia na makubadhi zilikuwa ni alama za mwungwana, na mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Mwanamke mtumwa alijulikana kwa kaniki na merikani, na bibi wa kiungwana wa Lamu alitoka njiani ndani ya shiraa iliyobebwa na vijakazi vyake. Utumwa ulipovunjwa na serikali, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, jambo la mwanzo walilolifanya wengi walioachwa huru ni kuvaa yale waliyonyimwa: wanaume kanzu na kofia, wanawake leso za rangi, kisha buibui. Buibui lilipoenea mwanzo wa karne ya 20, yule aliyekuwa kijakazi aliweza kupita njiani amesitirika sawasawa na aliyekuwa bibi yake, wala usiwatambue. Hilo ni jambo jema, na huenda likawa ndilo jema kubwa lililoletwa na nguo katika miji yetu. Basi mwenye kuifanya kanzu leo kuwa kipimo cha nani asimame mbele na nani nyuma, amerudisha kwa mlango wa msikiti lile lililotolewa mjini.

Fitina ya namna hii haikuanza kwetu. Mwaka 1829 Sultan Mahmud II wa Uturuki aliwaamrisha watumishi wa dola wavue vilemba wavae tarbushi, na walikuwako walionung'unika kuwa ni bidaa. Haikutimia miaka 100 tarbushi ile ile ikawa ndiyo alama ya Uislamu, mpaka huku kwetu wako walioivaa kwa fakhari. Mwezi wa Novemba 1925 ikatolewa sheria ya Mustafa Kemal ya kuwalazimisha wanaume wavae chapeo ya Kizungu, na Februari 1926 mwanachuoni Iskilipli Atif akanyongwa, naye kosa lake lilishikamana na kijitabu alichokitoa mwaka 1924, kabla ya sheria yenyewe, cha kukataza kuwaiga Wazungu na chapeo yao. Twamlaani aliyemuua mtu kwa ajili ya kofia. Lakini twauliza pia: je, tarbushi ilikuwa ni dini lini?

Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, alikwisha ulizwa jambo hili mwaka 1903 na Mwislamu wa Transvaal, Afrika ya Kusini, ambako watu walivaa chapeo katika shughuli zao. Alijibu kuwa mtu asiyekusudia kutoka katika Uislamu hawi kafiri kwa chapeo, na akiivaa kwa haja kama kujikinga na jua, hata makuruhu haiwi. Alishambuliwa sana magazetini kwa fatwa hiyo, na jarida la al-Manar likasimama kumtetea. Mafundisho ya al-Manar ndiyo yaliyomwathiri Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 hapa Mombasa. Yeye alikemea kuiga Wazungu kwa upofu, na kukemea kwake kulikuwa ni kwa wale waliochukua nguo na starehe wakaiacha elimu na juhudi. Huko ndiko kuiga kubaya.

Na vijana wasifurahi kupita kiasi kwa haya tuliyoyasema. Wako wavaao fulana zenye maandishi wasiyoyajua maana yake; moja yatangaza pombe, nyingine ina neno la aibu, naye asimama safu ya pili, na walio safu ya tatu wamsoma mgongo badala ya kuisikiliza Fatiha. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume s.a.w. alisali na shuka yenye nakshi, ikamshughulisha, akaamrisha irudishwe kwa Abu Jahm aletewe shuka yake isiyokuwa na nakshi. Ikiwa nakshi tu ilimshughulisha Mtume, itakuwaje picha ya mcheza mpira na jina lake na nambari yake?

Kwa upande wa wanawake, jambo lililoamriwa ni kujisitiri kwa nguo isiyoonyesha ngozi wala kubana mwili, na kuteremsha mtandio juu ya kifua, kama ilivyo katika Sura an-Nur, aya ya 31, na kutodhihirisha pambo mbele ya wasiokuwa maharimu. Rangi nyeusi haikuamriwa, wala Dubai haikutajwa. Tangu miaka ya 1990 hivi abaya za Ghuba zimelishinda buibui la kale, na hilo lenyewe si kosa. Kosa ni kuwa nguo iliyokusudiwa kulificha pambo yenyewe imekuwa ndiyo pambo: vito mikononi, mkanda kiunoni, mbele wazi. Wafanya biashara wameliona soko hilo. Mwezi wa Januari 2016 nyumba ya Dolce & Gabbana ya Italia ilitangaza abaya na mitandio yake kwa wanawake wa nchi za Kiarabu, na kabla yake, mwaka 2014, DKNY ya Marekani ilitoa mavazi ya Ramadhani. Hatusemi ni haramu kununua kwao. Twasema kuwa atoaye mali nyingi ili jina la mshoni lionekane, ananunua jina, na sitara angeliipata kwa fundi wa mtaani kwake kwa bei ndogo.

Na harusi zetu ndizo kidonda. Usiku wa kupamba wanawake huwa peke yao, na kujipamba hapo kwafaa. Lakini imekuwa aibu nguo moja kuonekana harusi mbili, na kila ukoo una sare yake. Tuseme mwanamke amealikwa harusi 6 katika mwaka, na kila sare pamoja na ushoni ni Sh. 3,500. Hizo ni Sh. 21,000, na mumewe huenda ni mchukuzi wa bandarini au mwenye mkokoteni. Atazipata wapi? Atakopa, au atachukua karo ya watoto. Jibu letu kwa mama aliyeuliza ni kuwa hana dhambi hata kidogo kwa kukataa. Kuitikia mwaliko wa walima ndiko kulikoamriwa, na sare haimo. Bali dhambi yachelewa kwa yule amnuniaye jamaa yake kwa kuja na nguo ya zamani iliyo safi, kwa kuwa huko ndiko kudharau watu. Na waume nao wasitoe khutba juu ya israfu za wake zao na hali simu iliyo mfukoni mwao ina thamani ya sare kumi.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi mimbarini, nalo ni jasho la mshoni. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao wakiwa wanawake waliokuwa wakishona nguo za kupelekwa Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wakaamrishwa waingie kazini. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, amwajiriye mtu akaichukua kazi yake kamili asimlipe ujira wake ni mmoja katika watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu yao Siku ya Kiyama. Wala tusiitazame Dhaka peke yake. Hapa kwetu kumi la mwisho la Ramadhani fundi wa cherehani hukesha ili nguo zetu ziwahi Idd, kisha twamwambia, "Fundi, tutaonana baada ya Idd," na Idd hiyo huendelea mpaka Mfungo Tatu.

Tumeulizwa pia juu ya mitumba, kama ile iuzwayo Kongowea, ambayo imevaliwa na watu tusiowajua dini zao. Asili ya kila kitu ni tohara mpaka najisi iyakinike, na shaka haiondoi yakini. Kuifua kabla ya kuivaa ni usafi, na ni vyema, lakini aliyesali nayo kabla ya kuifua, na hakuona najisi, sala yake ni sahihi.

Na wale waulizao kama kununua nguo mpya za Idd ni israfu, wajue kuwa Sayyidna Umar r.a. aliona juba la hariri likiuzwa sokoni, akamwendea Mtume s.a.w. na kumtaka alinunue ajipambe kwalo siku ya Idd na apokeapo wajumbe. Mtume alilikataa kwa sababu ya hariri, wala hakumkataza kujipamba kwa Idd. Suala la saa za dhahabu na pete za fedha, ambalo limeletwa na ndugu wawili wa Malindi, tumeliweka kwa darsa ijayo inshallah.