Nani Aliizamisha? Historia ya Meli ya Hospitali Llandovery Castle



Somo la wiki hii lina sehemu tatu: historia, sarufi na maswali. Wanafunzi wakubwa wasome wenyewe kwa sauti. Wadogo wasomewe na mzazi, polepole, kwa sababu kuna habari za vifo na watoto watataka kuuliza.

1. HISTORIA

Tuanze na neno mnalolijua: meli. Neno hili limetoka katika Kiingereza, na maana yake ya asili ni barua za posta. Watu wa pwani waliziita hivyo merikebu za moshi zilizowaletea barua, na jina likabaki hata kwa zile zisizobeba barua yoyote.

Llandovery Castle ilikuwa meli hasa ya namna hiyo. Ilijengwa Glasgow, ikakamilika mwanzoni mwa 1914. Ilikuwa mali ya kampuni ya Union-Castle, iliyobeba abiria na barua kati ya Uingereza na Afrika, na miezi yake ya kwanza ilisafiri kati ya London na Afrika Mashariki. Kwa hiyo, kabla ya kuwa hospitali, ilikuwa meli ya kuja kwetu.

Julai 1914 Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza. Majeruhi walikuwa wengi mno, na meli za abiria zilikuwa na kile kilichohitajika: vyumba vingi, majiko makubwa na mahali pa kulala. Mwaka 1916 Llandovery Castle ikafanywa hospitali yenye vitanda zaidi ya 600. Baadaye ikapewa kazi ya kuwarudisha kwao askari wa Kanada waliojeruhiwa Ulaya.

Meli ya hospitali ililindwaje? Haikuwa na mizinga. Ilichokuwa nacho ni ahadi. Katika Mkataba wa Hague wa 1907, mataifa yalikubaliana kwamba meli ya hospitali isishambuliwe. Nayo ilikuwa na masharti yake. Ipakwe rangi nyeupe, na mstari wa kijani ubavuni. Jina lake lipelekwe kwa adui mapema. Isibebe askari wa kupigana wala silaha. Imtibu kila majeruhi, awe wa upande wowote. Na adui akiwa na shaka, ana haki ya kuisimamisha na kuikagua. Usiku ilisafiri taa zikiwaka, misalaba yake mikubwa myekundu ikionekana kutoka mbali. Meli nyingine wakati wa vita zilijificha gizani, lakini hii ilitaka kuonekana. Wazee wetu husema ahadi ni deni. Waliopanda meli ile walitegemea deni hilo lilipwe.

Juni 1918 ilikuwa imeshawafikisha wagonjwa Halifax, Kanada, nayo inarudi Liverpool. Ndani walikuwamo watu 258: mabaharia, madaktari na wahudumu wa tiba, na wauguzi wanawake 14 wa Kanada. Usiku wa tarehe 27, kusini-magharibi ya Ireland, nyambizi ya Ujerumani U-86 iliipiga kwa kombora. Meli ilizama kwa muda wa dakika kumi hivi. Wauguzi wote 14 waliteremshwa majini katika mashua moja, lakini mashua hiyo ilivutwa na maji pale meli ilipokuwa ikizama, na hakuna hata mmoja wao aliyepona.

Nyambizi ikaibuka. Kamanda wake, Helmut Patzig, alimhoji nahodha wa meli akidai kwamba ilibeba marubani wa kivita wa Marekani. Nahodha alikana, na kweli hawakuwamo. Kisha nyambizi ikazifyatulia mizinga mashua za waliokuwa wamesalimika. Mashua moja tu ilifanikiwa kukimbia, ikiwa na watu 24. Ilielea muda wa saa 36 hivi mpaka manowari ya Uingereza, Lysander, ilipoiona. Watu 234 walikufa.

Patzig hakuandika tukio hilo katika kitabu cha safari, na aliwataka mabaharia wake wanyamaze. Lakini wale 24 walikuwa hai, nao walisema. Mwaka 1921, vita ikiwa imekwisha, kesi ilisikilizwa mjini Leipzig, Ujerumani, mbele ya majaji Wajerumani. Patzig hakupatikana. Walioshtakiwa ni maofisa wake wawili, Ludwig Dithmar na John Boldt. Hoja ya upande wao ilikuwa kwamba walitii amri ya mkubwa wao. Mahakama ilijibu kwamba amri ya kuwaua watu wasio na kinga ndani ya mashua ni kosa ambalo kila mtu analijua, na anayeitii naye ana hatia. Walihukumiwa miaka minne kila mmoja. Wote wawili walitoroka kabla ya kumaliza kifungo.

Je, hukumu hiyo ilikuwa bure? Hapana. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, majaji wengine waliikumbuka pale washtakiwa waliposema, "Niliamriwa." Majina ya wauguzi 14 yamo katika mnara wa kumbukumbu mjini Halifax.

2. SARUFI

Tazameni sentensi hizi tatu:

(a) Meli ilizama.
(b) Meli ilizamishwa.
(c) Nyambizi iliizamisha meli.

Mzizi ni mmoja, -zam-. Katika (a), ni kama bahari yenyewe imefanya kazi, na hatumwulizi mtu. Katika (b), kiambishi -ish- kinatuambia yupo aliyesababisha, na -w- kinamwacha bila kutajwa. Katika (c), mtendaji ametajwa waziwazi. Patzig alitaka dunia ibaki na sentensi (a). Manusura walileta sentensi (c) mahakamani.

Fanyeni vivyo hivyo kwa neno hili: kuokoka, kuokoa, kuokolewa. Watu 24 waliokoka. Lysander iliwaokoa. Waliokolewa na Lysander.

Msamiati: nyambizi (chombo kinachosafiri chini ya maji), manowari (meli ya vita), nahodha (mkuu wa meli), manusura (mtu aliyepona katika maafa), kukana (kusema jambo si kweli).

3. MASWALI

1. Taja masharti matatu ya meli ya hospitali.
2. Kamanda wa nyambizi alikuwa na shaka. Mkataba ulimruhusu kufanya nini?
3. Andika sentensi tatu kwa mfano wa (a), (b) na (c) ukitumia -vunjika, -vunjwa na -vunja. Kisha eleza: mtoto aliyevunja kikombe nyumbani huchagua sentensi ipi, na kwa nini?
4. Mjadala wa nyumbani: ni lini mtu anapaswa kukataa agizo la mkubwa wake? Mzazi atoe mfano mmoja, mtoto atoe mmoja. Andikeni mistari mitano kwa Kiswahili, mje nayo darasani wiki ijayo.